Shuka Namba Kumi na Mbili

Waliokuwepo Alhamisi ile robota lilipofunguliwa ni hawa. Mimi Nabintu, Mama Riziki, mzaliwa wa Bukavu, mkaaji wa Vårby gård. Wanjiru wa Nyeri, mwenzangu wa meza moja, aliyekuja Sweden kumfuata mume aliyekuwa mwanafunzi. Mtoto wake wa pili mimi ndiye niliyemsimamia ubatizo. Zuhura wa kaunta, mzaliwa wa hapa, binti ya Mwanaidi wa Tanga ambaye mlango wake na wangu inatazamana. Fredrik, mkubwa wa duka. Jorma, Mfini, dereva wa lori, ambaye hana undugu na yeyote kati yetu isipokuwa wa kahawa. Na Annika, binti ya marehemu Mama Solange, mwenye shuka. Katika hao wote, mwenye haki ya kupiga kelele siku ile alikuwa Annika peke yake, na yeye hakupiga.

Nawaandikia ninyi mnaoingia sasa kwenye chumba cha kuchambulia, mliokikuta kiti changu. Shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hiyo Zuhura ananinyooshea herufi. Maneno ni yangu. Habari za mshahara na vyeo siandiki. Mshahara ulikuwa mdogo na cheo sikupewa. Naandika nikiwa na hasira. Wanjiru aliniambia nisubiri ipoe. Nimesubiri tangu theluji mpaka majani yametoka, na bado ni ya moto, basi naandika hivyo hivyo.

Miaka kumi na tisa iliyopita ofisi ya kazi ilinituma kwenye duka letu la mitumba pale Skärholmen, kwa miezi sita tu, ili nijifunze lugha. Aliyenipokea anaitwa Gun-Marie, mama mrefu wa kaskazini, mchache wa maneno kana kwamba anayanunua. Siku ile ya kwanza hakunionyesha kabati wala choo. Choo nilikitafuta mwenyewe. Alinisogezea kikombe akasema neno moja: "Geuza." Nikageuza, kahawa ikamwagika meza nzima, kwa sababu nilishika kikombe alichokuwa anakinywea, sikushika kile alichonisogezea. Hakucheka wala hakukasirika. Alifuta meza, akaniwekea mkononi kile kikavu, akasema tena, "Geuza."

Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza. Aliyetengeneza chombo huandika jina lake kwenye kitako, kwa hiyo geuza kwanza, sifia baadaye. Somo la pili, gonga kwa ukucha: chombo kizima huimba, chenye ufa hukohoa. Somo la tatu lilikuwa la nguo, nalo alinifundisha bila kusema kitu, alinishika tu kichwa kama kinyozi akanibandika kitambaa shavuni. Kitani ni baridi hata kikikaa juu ya kipasha joto. Pamba hupokea joto lako mara moja. Ile nguo ya kiwandani, ya nyuzi zinazotokana na mafuta ya petroli, hukung'ang'ania shavuni kama mlevi anayetaka kukuhadithia habari zake. Mkikumbuka hayo matatu, zile karatasi zilizobandikwa ukutani mnaweza kuziacha zibaki hapo hapo.

Wiki ya tatu lilikuja kasha la vitu vya mbwa. Kamba, mpira uliotafunwa, brashi, na bakuli. Nikaligeuza lile bakuli, nikakaa chini. Lilikuwa bakuli la udongo mweupe, halina mkono, la kunywea kahawa ya maziwa asubuhi, limechorwa kwa mkono baba mmoja na mama mmoja wamevaa mavazi ya kijijini kwao Ufaransa, pembeni maua ya buluu. Kitakoni kuna herufi za mchoraji. Mtu alilitumia kumlishia mbwa.

Vitu hivyo mimi sikuvijulia dukani. Baba alipofariki mama alinipeleka kwa masista pale Bukavu, nikasoma hadi la tatu, kisha Sista Godelieve akanitoa darasani akaniweka chumba cha kushonea, na asubuhi kabla ya sindano nilikuwa naosha vyombo. Père Anselme, padre wetu, alikuwa na bakuli kama lile, limetoka kwa mama yake. Nililiosha kila siku kwa uangalifu, maana msichana aliyeliosha kabla yangu, Joséphine, alilipasua ukingo akarudishwa kwao Walungu siku hiyo hiyo. Sasa lile bakuli liko mikononi mwangu, Skärholmen, hakuna wa kunifokea, na katika chumba kizima, Waswidi kwa wageni, anayejua ni kitu gani ni mimi peke yangu. Furaha ile sijui niwaelezeje. Miguu ilitaka kucheza, na mimi ni mtu wa kanisa.

Tangu siku hiyo Gun-Marie akawa ananiletea kila kitu chenye harufu ya Ufaransa. Na vilikuja, msidhani Sweden hakuna. Watu wa hapa wamesafiri, wameoa huko, wamerithi, wamechoka navyo, wamehamia nyumba ndogo. Nilipata sufuria za shaba nyekundu zenye mikono ya chuma. Nilipata vitambaa vya kufutia bilauri, vya kitani, vyenye mstari mwekundu, havijatumika, ndani yake kuna karatasi ya dukani bado. Nilipata birika la kahawa la chuma kilichopakwa rangi ya maziwa, mdomo wake kama wa bata.

Makopo ndiyo niliyoyapenda kuliko vyote. Yalikuja matano, makubwa kushuka hadi madogo, yameandikwa kwa herufi za buluu: unga, sukari, kahawa, tambi, viungo, yote kwa Kifaransa. La chai halikuwepo. Nikasema hatuyauzi mpaka la chai lije. Wenzangu wakaniuliza la chai litatoka wapi. Nikasema mwenye la unga alikuwa na la chai, Mfaransa hakununua kopo moja moja. Nikayafunika chini ya meza na gunia, na hilo halikuruhusiwa, na Gun-Marie alipofagia alikuwa anafagia kwa kuyazunguka, kana kwamba hayaoni. Yakakaa pale miezi saba. Siku moja lilikuja kasha la michezo ya watoto kutoka Tumba, nikaingiza mkono kwenye gololi, nikagusa chuma baridi. Kopo la chai, limejaa gololi. Gun-Marie alisimama, akavua miwani, akaivaa, akasema, "Nabintu, nenda ukanywe kahawa." Kutoka kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Kumbe mtu akijua kitu bila cheti, watu hutafuta jina jingine la kukiita. Mimi waliniita mwenye bahati. Mteja akiuliza nani ameona sahani hii, wanasema ni yule bibi, ana bahati sana. Bahati ndiyo iliyosimama miguu imevimba? Siku moja nililetewa sahani yenye mashimo kumi na mawili, ikiwa imeandikiwa karatasi kwamba ni ya mayai ya Pasaka. Nikawaambia ni ya konokono. Wakacheka. Nikawauliza basi hayo mayai ni ya ndege gani, shomoro? Kijana mmoja mwenye shahada, Mattias, akatafuta kwenye simu, akainua kichwa akasema kweli ni ya konokono, na wote wakamshukuru Mattias.

Bon, tuendelee. Gun-Marie alistaafu, akarudi kwao kaskazini, na miaka minne iliyopita akaja Fredrik.

Fredrik si mtu mbaya, naandika hivyo mapema ili asiseme nimemchafua. Anasalimia, anakumbuka ugonjwa wa mtu, keki ya Krismasi anaoka mwenyewe. Lakini ni mtu wa orodha. Ndiye aliyetengeneza ile kona ya Kifaransa mnayoiona mlangoni, yenye kiti cha chuma na maua makavu, akajipiga picha mbele yake na kuituma kwa wakubwa wake. Vitu vyote vya kona ile vilipita mikononi mwangu. Kwenye picha mimi sipo, kuna bega langu.

Katika orodha zake kulikuwa na moja kuhusu mashuka na taulo. Alikotoka, aliwahi kupata aibu kwa kuuza mashuka yaliyopigwa muhuri wa hospitali, wenyewe wakaja kuyadai. Kwa hiyo akaandika: shuka au taulo yoyote yenye alama ya dobi, herufi au namba, haiingii dukani. Inakatwa vipande kwenye ule wembe wa ukingo wa meza, inakuwa matambara ya gereji, inaingia robotani. Nikamwambia hapo hapo kwamba alama ziko za aina mbili. Muhuri wa wino ni wa hospitali. Herufi za uzi mwekundu, zilizoshonwa misalaba midogo midogo, ni za mtu. Nilizijua kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya kwa Sista Godelieve. Herufi A niliijua kwa sindano kabla ya kalamu. Akanisikiliza vizuri, akasema ni habari ya kuvutia. Kiswidi kikisema hivyo ujue umeshafukuzwa.

Annika alikuja Jumatatu moja ya theluji na mifuko mitatu mikubwa. Mama mtu mzima, nywele zimeanza mvi, koti limefungwa kifungo vibaya. Alisema ni vitu vya mama yake aliyefariki wiki iliyopita, alikuwa Mfaransa, aliolewa hapa, na nyumba inatakiwa iachwe wazi mwisho wa mwezi. Zuhura akampa pole kwa Kiswidi. Mimi nikampa kwa Kifaransa, na yule mama akatabasamu kwa aibu, akasema yeye Kifaransa anakisikia kidogo tu. Mama yake alikuwa akimsemesha, yeye akijibu kwa Kiswidi. Nikasema hata mimi wajukuu zangu ni hivyo hivyo. Akaondoka.

Mfuko wa pili tulifungua mimi na Wanjiru. Juu magazeti, chini utepe wa buluu, ndani ya utepe shuka kumi na mbili za kitani, nzito, za zamani, zile zenye mshono katikati kwa sababu mitambo ya kufumia ya wakati ule ilikuwa myembamba. Kwenye kona ya kila moja herufi mbili za uzi mwekundu na namba. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili. Ya kumi na mbili ilikuwa juu. Pindo lake pana, limetobolewa matundu madogo kama sega la nyuki, na kitambaa bado kina ule ukavu wa kiwandani. Haikuwa imelaliwa hata usiku mmoja.

Wanjiru akaniuliza namba ni za nini. Nikamweleza alivyotufundisha Sista Godelieve. Binti akiolewa anatoka kwao na shuka kumi na mbili. Zinapewa namba ili zitumike kwa zamu, zichakae pamoja, isiwepo inayotoboka mapema. Lakini ya mwisho haiingii zamu. Inatandikwa siku ya harusi, inakunjwa, inawekwa, na siku mwenyewe anapokufa anafunikwa nayo. Wanjiru akaitazama, akaondoa mkono wake juu yake, akasema, "Mama Riziki, hii tumwite mwenyewe."

Nikaenda kwa Fredrik. Nikamwambia tumpigie Annika simu, kuna shuka si ya kuuzwa wala ya kutupwa, ni ya maziko. Alikuwa na watu wawili ofisini kutoka makao makuu. Akauliza kama ina alama. Nikasema ina alama, lakini ya uzi. Akasema orodha ni orodha, hatuwezi kumpigia kila mteja kila tunapoona kitu cha mama yake. Na akaongeza, mbele ya wale wageni, kwa sauti ya upole:

"Nabintu, wewe unachambua. Kuamua ni kazi yangu."

Nikarudi mezani. Sasa someni hapa vizuri, maana ndilo jambo lililonifanya nishike kalamu. Ningeweza kuificha ile shuka chini ya meza. Makopo niliyaficha miezi saba. Ningeweza kumpa Wanjiru aiweke kwenye mfuko wake. Sikufanya. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilisema, ameamua yeye, basi na aone. Nikaichukua namba kumi na mbili iliyokuwa juu, nikaipitisha kwenye wembe, mara moja kwa urefu, mara moja kwa upana. Vipande vinne. Kitani cha namna ile hakichaniki kimya. Wanjiru aligeuza uso. Kisha saa ya kwenda nyumbani ikafika, zile kumi na moja zikabaki nzima, na kesho yake asubuhi mtu mwingine akazisukumia zote robotani zilivyo.

Alhamisi asubuhi lori lilikuwa limeshaegeshwa nyuma, robota limefungwa nyaya, linangoja kupandishwa. Zuhura akaja mbio kutoka kaunta. Hakunipa hata shikamoo yake, na mimi wa Bukavu shikamoo nimeijulia hapa Sweden kwake yeye, kwa hiyo nilijua kuna jambo.

"Bibi, njoo. Yule mama amerudi, ana barua, hawezi kuisoma."

Annika alikuwa amesimama kwenye kona ya Kifaransa, kando ya kile kiti cha chuma, hajakaa. Alikuwa ameikuta barua kwenye kitabu cha sala cha mama yake. Ilikuwa ya Kifaransa, ya mkono unaotetemeka, na yeye alikuwa ameshika maneno mawili matatu: shuka, kumi na mbili, mimi. Maziko yalikuwa Ijumaa ya wiki inayofuata. Nikaisoma polepole, maana mimi hata maandishi ya kuchapwa nayasoma polepole, sembuse mwandiko wa mgonjwa. Ilisema: mwanangu, usininunulie kitu, nifunike na namba kumi na mbili, mama yangu aliishona akinifikiria, nimeitunza miaka sitini, ipo juu kabisa ili usihangaike kuitafuta.

Ipo juu kabisa. Nikairudia kwa Kiswidi. Annika akasema, basi nimewaletea ninyi, iko wapi? Zuhura akanitazama. Mimi nikamwita Fredrik.

Fredrik alieleza kwa utaratibu. Robota limeshafungwa, limeshapimwa, limeshaandikishwa kwa mnunuzi, kwa hiyo si letu tena, lori linaondoka, na kwa usalama wa kazi robota lililofungwa halifunguliwi, nyaya zinaruka. Alisema anasikitika sana. Alimwambia Annika kwamba ziko shuka nyingine nzuri za kitani rafu ya tatu, achague yoyote bila malipo. Ni kweli alisema hivyo. Wanjiru yupo, Zuhura yupo, waulizeni.

Nikasema, "Mwambie mwenyewe, Fredrik. Kiswidi chako ni kizuri kuliko changu. Mwambie kwamba mama yake alipe gereji."

Haikuwa sentensi sahihi, nilitaka kusema kwamba mama yake amepelekwa gereji, lakini ilifika. Fredrik akawa mwekundu mpaka masikioni. Jorma, ambaye alikuwa mlangoni na kikombe chake akisikiliza kila kitu, akasema yeye injini ameshazima, na kahawa yake bado ina nusu saa ndani yake. Kikombe kilikuwa kitupu, nilikiona.

 Halafu Fredrik akaenda kuchukua koleo la kukatia nyaya yeye mwenyewe, akatuamuru wote tusimame nyuma ya mstari wa njano. Hilo nampa. Alikata waya wa kwanza, wa pili, na wa tatu ulipokatika robota likafumuka kama unga wa mandazi, nguo zikajaa sakafu nzima. Tukapiga magoti. Annika na koti lake zuri alipiga magoti. Tulipata namba nne, namba tisa, namba moja, tukawa tunamkabidhi moja moja, mpaka zikafika kumi na moja. Kisha Wanjiru akanyanyua kipande. Kisha kingine. Jorma akapata cha tatu ndani ya suruali ya mtu.

Annika alivipanga vile vipande sakafuni, akaviangalia. Akauliza nini kimetokea. Fredrik akasema haraka, "Mashine. Inasikitisha, lakini wakati mwingine mashine hukata."

Wanjiru aliniangalia. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, mdomo nimeufunga, na nikaendelea kuufunga.

Kipande cha nne ndicho chenye namba. Tulichambua robota lote mpaka sakafu, hakimo. Zuhura ndiye aliyekiona. Alinyoosha kidole tu. Kilikuwa kimetundikwa kwenye mpini wa ile mashine ya kukandamizia marobota, kimefutiwa mafuta, cheusi katikati, na kwenye kona kuna kumi na mbili nyekundu, safi kabisa. Kitambaa cheupe kilikuwa karibu, Fredrik alihitaji tambara Jumatano, akachukua tambara. Hata sasa nikiwaza hilo siwezi kumlaumu kwa kipande hicho. Nilishamgeuzia mimi kuwa tambara.

Nikamwambia Annika anipe siku tano.

Nyumbani Vårby gård nilikiloweka kile kipande kwa sabuni ya nyongo ya ng'ombe, ile ya Kiswidi ya kipande, nikachemsha, nikasugua, nikachemsha tena. Mafuta yalitoka mpaka yakabaki kivuli cha kijivu. Nyumba nzima ilinuka gereji, mjukuu wangu Elias akafungua madirisha kwenye baridi ile akilalamika kwa Kiswidi, nami nikimjibu kwa Kiswahili, kama kawaida yetu. Kisha nikashona. Nilitumia mshono ule ule wa katikati wa zamani, kingo mbili zinabusiana na uzi unapita juu, mdogo, wa karibu karibu, ukipitisha ukucha usiusikie. Macho yangu si yale ya kwa Sista Godelieve. Nilifumua mara tatu. Kwenye kile kivuli cha kijivu sikushonea kitu juu. Nilitaka kionekane.

Annika alikuja nyumbani kuichukua, siku ya tano. Niliitandika juu ya meza yangu ya chakula. Alipitisha mkono kwenye mishono, akaniambia hajui anishukuru vipi, kwamba mashine imeharibu na mimi nimetengeneza. Chai ilikuwa imeshamiminwa. Nikamwambia kwa Kiswidi changu cha miaka kumi na tisa:

"Hiyo shuka niliikata mimi."

Akauliza kama nilikuwa sijui ni ya nini.

"Nilijua," nikasema. "Nilijua kuliko mtu yeyote mle ndani."

Alikaa.  Alitazama nje, ambako kulikuwa na maegesho ya magari na theluji chafu, muda mrefu, mpaka nikaanza kuhesabu magari. Sikumwomba msamaha mara mbili. Nilimwomba mara moja, nikanyamaza. Mwishoni alisema, bila kunitazama, kwamba Ijumaa watu wa maziko watampa nusu saa peke yake na mama yake kabla ya kufunga jeneza, na yeye hajui shuka ya namna hii inatandikwa vipi, upande gani juu, upande gani chini. Akasema kwa hiyo itabidi niende naye.

Nilienda. Tuliitandika wawili, yeye kichwani, mimi miguuni. Mama Solange alikuwa mdogo kama msichana wa kipaimara. Mishono yangu ilikaa juu ya kifua, msalaba mrefu, na herufi tukazikunjia karibu na shingo. Annika alilainisha pindo, akasema neno moja kwa Kifaransa, alilisema vibaya, na lilitosha.

Nimestaafu mwezi huu. Kulikuwa na keki, maua, na hotuba ya Fredrik, nayo ilikuwa ya shuka. Alisimulia jinsi mashine ilivyokosea na jinsi duka letu lilivyojitolea kufungua robota. Watu walifuta machozi. Sasa ameiandika kwenye kadi nzuri yenye fremu, imetundikwa kwenye kona ya Kifaransa, jina langu limo, limeandikwa sawasawa kabisa. Nilimwomba aondoe neno mashine, aandike kwamba alitoa amri na mimi nikakata. Alisema kadi ni fupi, haina nafasi ya kila kitu. Nilipita wiki iliyopita, bado ipo. Wateja wanaisoma wanatikisa vichwa kwa kupendezwa.

Basi ninyi mtakaokaa mezani pale, geuzeni, gongeni, wekeni shavuni. Mtapata furaha ambayo siwezi kuwaandikia, mtakuta bakuli la mtu ndani ya kasha la mbwa na moyo utaruka. Lakini mkishajua kitu ni nini, mmeshajua, na hakuna mkubwa anayeweza kuwafanya msijue. Ukiambiwa kata, weka chini, nenda kanywe kahawa, akate yeye.

Na kama nimekosea mahali, nisahihisheni. Huenda utepe ulikuwa wa kijani, huenda Jorma alipata kipande cha pili na Wanjiru cha tatu, na Mattias labda alikuwa anaitwa Matthias kwa herufi nyingine, ingawa sidhani. Nitafuteni Vårby gård, nitarekebisha. Lakini kwenye neno mashine msinisahihishe. Nendeni mkaitazame wenyewe, izungukeni pande zote. Mashine ile inakandamiza tu. Haina kisu.